Kopo Lililofunikwa

Kila asubuhi, kabla zamu yake ya usiku haijaisha, Mama Chiriku alifungua mapazia ya wodi. Alianza na dirisha la mwisho akaja mpaka la mlangoni. Wagonjwa waliokuwa macho walimsalimia. Waliokuwa wamelala waligeukia upande wa pili na kunung'unika.

"Mama Chiriku, tuache tulale kidogo."

"Jua lenyewe limeshaamka, sembuse wewe?" aliwajibu, huku akivuta pazia.

Alikuwa mhudumu wa wodi. Alibadilisha mashuka, alimwaga vyombo vya haja, alisukuma vitanda, aliwanywesha maji wasioweza kunyoosha mkono. Miaka mingi ya kazi hiyo ilikuwa imempa ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuvumilia kuona kitu chenye uhai kimefunikwa gubigubi. Wodini, mtu akifunikwa mpaka kichwani, ujue amekwisha. Basi hata nyumbani, mumewe akijifunika shuka mpaka usoni, yeye alilivuta chini.

"Mke wangu, mbu hao," mumewe alilalamika.

"Wakuume tu, bora nikuone pua."

Mumewe alikuwa fundi rangi, mtu wa utani, na kila siku alirudi nyumbani na rangi mpya kwenye viwiko. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana. Alipokuwa mdogo alikuwa na maneno mengi, wakampa jina la Chiriku, yule ndege asiyenyamaza. Jina likabaki, maneno yakapungua. Siku moja, katika shule ya msingi, alijibu swali vibaya. Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu akacheka nao. Tangu siku hiyo Chiriku alifyata mdomo. Hata jibu alilolijua alilimeza. Kila muhula ripoti yake ilisema jambo lilelile: "Hazungumzi darasani." Mama yake alikuwa akiusoma mstari huo na moyo ukimuuma, maana hakujua afanye nini.

Mwaka huo Chiriku alianza sekondari. Jioni moja alirudi nyumbani amebeba makopo mawili yenye udongo, na mdomo wake ulikuwa haujifungi.

"Mama, sayansi tumeanza na maharage."

"Kuyapika?" aliuliza baba yake.

"Kuyapanda, baba. Mwalimu Makopo amesema hatusomi kitabuni kwanza. Tunaangalia kwanza kwa macho yetu."

"Mwalimu nani?"

"Makopo. Anaokota makopo kila mahali. Hata yeye tukimwita hivyo anaitika."

Mama Chiriku alikuwa anafunga vifungo vya sare ya kazi. Sikio moja lilikuwa kwa mtoto, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Lakini alifurahi. Ilikuwa muda mrefu hajamsikia mtoto huyo akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo.

"Kopo hili linakaa dirishani," Chiriku aliendelea. "Hili jingine linafunikwa na boksi. Yote nayamwagilia sawasawa. Hili la boksini nalichungulia mara moja tu, jioni, halafu nafunika haraka. Mama, tafadhali usiliguse."

"Siligusi."

"Maana tunataka kujua kama—"

"Utaniambia kesho, mwanangu. Nachelewa zamu."

Akabeba mkoba wake akaondoka. Kesho yake hakukumbuka kuuliza, na Chiriku alidhani mama yake ameshaelewa.

Siku zikapita. Maharage yakaota. Asubuhi moja Mama Chiriku alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akachukua ufagio. Mumewe alikuwa ameshakwenda kazini, mtoto yuko shule. Alipofika kwenye kona, ufagio uligonga lile boksi. Akainama. Akasema moyoni, nichungulie tu.

Alichokiona kilimchoma. Mche ulikuwa mrefu, mwembamba kama uzi. Majani yalikuwa madogo, rangi ya njano, na shingo imeinama upande mmoja. Dirishani, mwenzake alikuwa wa kijani, amesimama wima.

"Maskini," alisema kwa sauti. "Umekosa nini wewe?"

Alisimama pale na ufagio mkononi. Alikumbuka kwamba aliahidi kutoligusa kopo. Akatazama tena ile shingo iliyoinama. Kisha akalibeba kopo kwa mikono miwili, akalitoa nje kwenye ngazi, mahali penye jua zuri. Akalala akiwa na amani. Mchana, kabla Chiriku hajarudi, alilirudisha kopo mahali pake, akalifunika vilevile.

Kesho yake alifanya hivyo tena. Na siku iliyofuata. Ikawa ni sehemu ya kazi zake: kufagia, kuteka maji, kumtoa mgonjwa nje. Hata alianza kumsemesha. Mgonjwa naye hakumwangusha. Njano ilitoka, kijani kikaingia, majani yakafunguka. Mama Chiriku alijisikia kama mtu aliyefanya wema wa siri. Hakuona ubaya wowote. Mtoto atafurahi mmea wake ukipona, alijiambia, na hatajua.

Chiriku hakufurahi. Jioni moja aliinua boksi, akachungulia, akakunja uso.

"Mama, njoo uone. Mwanzo huu ulikuwa njano. Sasa unakuwa kijani. Na upo gizani."

"Labda una nguvu," alisema Mama Chiriku, akajitia anatafuta kitu kabatini.

"Unafikiri hivyo?"

"Kwani watu wote wanafanana? Wengine wana nguvu tu."

Chiriku alilirudisha boksi juu ya kopo polepole. Alibaki amechuchumaa pale kwa muda, akilitazama.

Siku ya kupeleka makopo shuleni ikafika. Mama Chiriku alikuwa na mapumziko. Alipika mapema, akakaa akimsubiri mtoto aje amweleze. Chiriku aliingia bila salamu. Aliweka makopo yake mawili mezani, akapita moja kwa moja chumbani, akajilaza kifudifudi.

Mama yake alikaa kando yake kitandani, akampapasa mgongo. Ilichukua muda kumtoa neno.

"Wenzangu wote, miche ya boksini ilikuwa njano," alisema Chiriku hatimaye, uso ukiwa kwenye mto. "Wote, mama. Mirefu, njano, inaanguka. Wangu peke yake ulikuwa kijani. Kuna mvulana mmoja tunamwita Spika. Akasema, wewe hukuufunika, umeuacha nje halafu unatuletea hadithi. Wakacheka."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu hakucheka. Aliwanyamazisha. Akaniuliza nimefanya nini, hatua kwa hatua. Nikataka kusema. Sauti ikakataa kutoka."

Mama Chiriku aliuondoa mkono mgongoni mwake.

"Amesema niandike ripoti ya nilichokiona, nimpe kesho." Chiriku aliketi, akajifuta macho. "Nitaandika kwamba ulikuwa njano. Kama wao."

"Lakini haukuwa njano."

"Nani ataniamini? Nitaandika kama wao, mama, na sitasema kitu tena kwenye lile darasa."

Akachukua kalamu na karatasi, akaenda mezani. Mama yake alimtazama akiinama kuandika. Wodini alikuwa ameona watu wengi wakikata tamaa, na aliijua ile namna ya mabega kushuka. Sasa aliiona kwa mwanawe, na aliyeisababisha ni yeye.

Wakati huo baba aliingia, rangi ya bluu mpaka kwenye nyusi. "Vipi, maharage yameiva?" Hakuna aliyecheka. Akatazama huku na huku, akavuta kiti akaketi.

"Weka kalamu chini," alisema Mama Chiriku. "Ni mimi."

"Nini?"

"Niliutoa mche nje. Kila asubuhi nikitoka kazini niliuweka juani, nikaurudisha kabla hujafika. Niliuona umeinama, nikauonea huruma."

Baba alifungua mdomo atoe utani wake, akaufunga tena. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Chiriku alimgeukia mama yake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuuliza. Ukasema una nguvu."

"Nilikuambia hivyo."

"Mimi nikaanza kudhani macho yangu ndiyo mabovu, mama. Kila jioni nilikuwa naangalia, nasema labda sioni vizuri."

Hapo ndipo Mama Chiriku alipolia. Hakulia kwa ajili ya boksi wala maharage. Alilia kwa sababu mtoto wake aliona sawasawa, na yeye ndiye aliyemfanya ayatilie shaka macho yake mwenyewe. Ni wazazi wachache wanaojua kumwomba mtoto radhi, na yeye hakuwa amewahi kuona ikifanyika kwao. Lakini alimshika mwanawe mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Wewe ulisema kweli. Kesho nakwenda na wewe shuleni."

"Usije, mama. Watasema nimekuleta unitetee."

"Siji kukutetea. Nakuja kusema nilichofanya."

Asubuhi walifika kabla kengele haijalia. Chumba cha sayansi kilikuwa stoo zamani. Kwenye madirisha yote yalipangwa makopo. Juu ya meza kulikuwa na chupa za plastiki zilizokatwa, kipande cha kioo, mzani uliotengenezwa kwa hanga la nguo, na chupa yenye viwavi iliyofungwa kitambaa cha chandarua. Mwalimu Makopo, mwanamke kijana mwenye chaki kwenye sketi, alikuwa anawawekea viwavi majani mabichi.

Mama Chiriku alisimama wima kama anayesubiri kufokewa, akapasua jipu lote bila kupumzika.

Mwalimu hakufoka. Aliweka majani chini, akavuta kiti. "Kaa, mama. Ulikuwa unautoa saa ngapi?"

"Nikitoka zamu. Asubuhi."

"Na unaurudisha?"

"Mchana, kabla hajarudi."

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule. Sikuruka hata moja," alisema Mama Chiriku kwa aibu.

Mwalimu alimgeukia Chiriku, na macho yake yalikuwa yanacheka kwa furaha. "Umesikia? Kwa hiyo ulichokiona kilikuwa kweli kabisa."

Chiriku alitikisa kichwa, haelewi anatakiwa kufurahi au la.

"Mama, ngoja nikueleze tulikuwa tunatafuta nini," alisema mwalimu. "Mmea haununui chakula. Unajipikia wenyewe. Maji unayavuta kwa mizizi, hewa unaipata kwa majani. Sasa ili apike, mpishi anahitaji nini?"

"Moto."

"Moto wa mmea ni mwanga. Na jiko lake ni ile rangi ya kijani kwenye majani. Maharage yakikaa gizani, rangi hiyo haitengenezwi. Ndiyo maana uliuona mche wa njano."

"Na mbona ulikuwa mrefu?"

"Unautafuta mwanga. Unajivuta juu ukitumaini utaupata. Wakati huo unakula akiba iliyokuwa ndani ya mbegu. Akiba ikiisha, unakufa."

"Basi niliuokoa," alisema Mama Chiriku, akiwa na tumaini kidogo.

"Uliuokoa mche, mama. Ukaliharibu jaribio." Mwalimu alicheka, na Mama Chiriku akajikuta anacheka naye. "Tukilinganisha vitu viwili, tunabadilisha jambo moja tu. Udongo ni uleule, maji yaleyale, kopo lilelile. Tofauti ni mwanga peke yake. Ukiongeza jambo jingine kwa siri, hata kwa huruma, hatujui tena kilichosababisha ni kipi."

Kisha mwalimu akawa makini. "Na mimi nina kosa langu. Niliwapa watoto makopo waende nayo nyumbani, sikuwaeleza wazazi ni ya nini. Mtu atayaheshimu vipi asiyoyajua?"

Alimgeukia Chiriku. "Ripoti umeandika?"

Chiriku alitazama chini. "Nilitaka kuandika kwamba ulikuwa njano."

"Nashukuru hukuandika. Kwenye sayansi hatuandiki tulichotakiwa kuona. Tunaandika tulichokiona. Kikiwa tofauti na cha wenzetu, tunarudi nyuma hatua kwa hatua, tunatafuta kilichotofautisha. Sasa wewe umekipata. Utawaambia wenzako?"

Kengele ililia. Wanafunzi wakaingia wakisukumana. Mama Chiriku alipewa kiti nyuma, karibu na viwavi. Alimwona mwanawe akienda mbele. Alimwona akifungua mdomo na kuufunga. Akashika ukingo wa kiti.

"Jaribio langu liliharibika," alisema Chiriku. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Mche wangu ulifunikwa, ila asubuhi ulikuwa unatolewa juani. Mimi sikujua. Mama yangu aliuonea huruma."

Kulikuwa na kicheko, lakini kilikuwa cha upole, na watu wakageuka kumtazama mama aliyekaa na viwavi. Mama Chiriku alipunga mkono kidogo.

Spika ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. "Ulikuwa unatolewa muda gani?"

"Asubuhi mpaka mchana."

"Na ukaota kama ule wa dirishani?"

"Karibu sawa. Shina lake lilikuwa refu kidogo."

"Kwa hiyo mwanga wa nusu siku unatosha?"

Chiriku alimtazama mwalimu. Mwalimu alikaa kwenye kona ya meza, akamsubiri.

"Mimi naona tujaribu," alisema Chiriku. "Makopo matatu. Moja dirishani, moja limefunikwa moja kwa moja, moja linatolewa asubuhi tu. Lakini safari hii tunajua."

"Jana nilikosea kukusema vile," alisema Spika, kisha akakaa haraka kabla hajaonekana anaona haya.

Basi makopo matatu yakawekwa nyumbani kwa kila mwanafunzi, pamoja na maelezo kwa wazazi. Kwa kina Chiriku, mama alikabidhiwa rasmi kopo la tatu. Alilitoa akitoka kazini, akalirudisha mchana. Kazi hiyo ilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuliacha lile la pili. Kila alipopita penye boksi aliweka mikono nyuma.

"Umekamatwa?" mumewe alimuuliza.

"Nyamaza. Unafikiri ni rahisi?"

Jioni Chiriku alipochungulia, aliwaita wazazi wake. Walichuchumaa wote watatu, wakaangalia, wakafunika. Mche uligeuka njano, ukarefuka, shingo ikainama. Mama Chiriku aliumia, akauliza, "Bado haijatosha?" Chiriku akamwambia, "Vumilia, mama." Na yeye akavumilia. Chiriku alimweleza kwa nini maji lazima yawe sawa, na kwa nini makopo yote yanatobolewa chini. Mama Chiriku alisikiliza kwa masikio yote mawili. Siku nyingine yeye ndiye aliyeuliza, na Chiriku akisema jambo asilo na uhakika nalo, walikwenda kuangalia.

Mwalimu Makopo aliwaalika wazazi waje kuona matokeo. Walikuja wengi kuliko viti. Miche ilipangwa mezani kwa mistari. Ile ya dirishani ilikuwa imara. Ile ya boksini ilikuwa njano, mingine imekufa. Ile ya nusu siku ilikuwa ya kijani, ila mashina yalikuwa marefu na laini kidogo, karibu kwenye makopo yote. Kila mwanafunzi alisimama nyuma ya makopo yake, wazazi wakapita na kuuliza.

Mbele ya Chiriku alisimama seremala mmoja, mtu mzima mwenye sauti nzito. Alisikiliza maelezo yote. Kisha akaelekeza kidole kwenye mche wa dirishani.

"Na huu, binti? Huu ndio uliopata mwanga wote. Mbona una madoa kwenye majani?"

Watu wa karibu waligeuka kumtazama Chiriku. Chiriku alilitazama jani. Hakusema kitu.

Mama yake, hatua chache nyuma, aliujua ukimya huo. Alikuwa ameusoma kwenye ripoti miaka mingi. Alitaka kwenda kusimama mbele ya mwanawe na kumkinga. Mumewe alimshika mkono.

"Sijui," alisema Chiriku.

Alisema bila kuinamisha kichwa. Akaligeuza jani, akaangalia chini yake. "Nimeyaona madoa haya juzi. Makopo yangu mengine hayana. Inaweza kuwa wadudu, au kitu kingine, sijui bado. Wiki ijayo nitapanda mwingine pale pale dirishani, niangalie kama utapata."

"Vizuri," alisema seremala. "Ukijua, uniambie. Na mimi nina mboga zenye madoa hayo hayo."

"Nitakuambia, mzee. Ila niletee jani moja nilione."

Wakaendelea kuzungumza, na wazazi wengine wakasogea kusikiliza. Mama Chiriku alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Unalia nini sasa?" mumewe alimnong'oneza. "Mtoto kasema hajui."

"Ndiyo," alisema Mama Chiriku. "Kasema, na watu wote wamemsikia."